Mishipa ya damu ya kuchapwa kwa mashine: Nilichomwambia dada yangu, na nilichopaswa kumwambia

MWEZI Juni mwaka 2021 nilimpigia simu dada yangu kumpa habari njema, na habari hiyo nusura imuue.

Sitii chumvi. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Bujumbura, naye ni mgonjwa wa figo. Tangu mwaka 2019 figo zake haziwezi kuchuja damu. Mara mbili kwa wiki, na mara tatu fedha zikipatikana, hulala kando ya mashine kwa saa nne ili damu yake itolewe, isafishwe na kurudishwa mwilini.

Siku hiyo nilikuwa nimesoma kwamba shirika la anga za juu la Marekani, NASA, limetoa tuzo ya dola 300,000 kwa kikundi cha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Wake Forest. Wataalamu hao walitumia printa kutengeneza kipande cha ini chenye njia zake za kupitishia damu. Sikumaliza hata kusoma habari yenyewe. Nilimpigia dada pale pale, nikamwambia: "Dada, wameweza kuchapa mishipa ya damu kwa mashine!"

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kweli, Mwalimu?"

"Kweli kabisa," nikajibu.

Sikujua kwamba wiki ile ile madaktari walikuwa wamemshauri apasuliwe mkono wa kulia ili atengenezewe njia mpya ya kutolea damu. Aliwakatalia. Alisema hakuna sababu ya kukatwa tena wakati mdogo wake, ambaye amesoma, amemwambia mishipa mipya inakuja. Alisubiri miezi saba.

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini mtu mzima aliamini simu ya dakika mbili. Sisi ni watoto wa wakimbizi wa mwaka 1972. Tulikulia katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania, na dada ndiye aliyenibeba mgongoni. Alipomaliza darasa la saba alibaki shambani ili fedha kidogo iliyokuwapo inisomeshe mimi. Mwaka 2009 tuliporudi Burundi, mimi nilirudi na cheti cha ualimu, yeye akarudi na mikono yenye sugu. Ndiyo maana huniita Mwalimu, na ndiyo maana neno langu kwake lina uzito.

Sisi walimu tuliorudi tuna kazi ya ziada. Tulisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, halafu tukaja kufundisha katika nchi ambayo shule zake hutumia Kirundi na Kifaransa. Kila siku inatubidi tulipime neno kabla ya kulitoa. Siku ile sikulipima neno "wameweza". Makala haya ni ya kulipima upya.

Nianze na neno mshipa, kwa sababu wengi wetu tunalichanganya. Mtu akiumwa ngiri husema anaumwa mshipa, na akishikwa na maumivu ya shingo husema mshipa umevutwa. Hapa nazungumzia mishipa ya damu tu. Mwalimu wetu wa sayansi kule Mishamo aliichora ubaoni kwa chaki mbili. Nyekundu ilikuwa ateri, inayotoa damu kwenye moyo. Ya buluu ilikuwa vena, inayorudisha. Katikati alichora nyuzi nyembamba kama nywele, akaziita kapilari.

Mkubwa kuliko yote ni ule unaotoka moyoni, wenye kipenyo cha sentimita mbili na nusu hivi kwa mtu mzima. Mishipa inayolisha moyo wenyewe ina milimita tatu au nne. Kapilari ni nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita moja moja kwa foleni. Tena karibu kila seli ya mwili inahitaji kapilari iliyo umbali usiozidi sehemu mbili za kumi za milimita. Ikikaa mbali zaidi ya hapo, hewa na chakula haviifikii, nayo hufa.

Sasa, mashine ya kusafisha damu inahitaji damu itoke kwa kasi kubwa, karibu mililita 300 kila dakika. Vena ya kawaida ya mkono haiwezi kutoa kiasi hicho. Ateri inaweza, lakini imejificha ndani na haifai kuchomwa sindano nene kila wiki. Mwaka 1966 madaktari wa New York walieleza ufumbuzi wake: unaunganisha ateri na vena chini ya ngozi ya mkono. Vena ikipokea mkondo wa ateri hutanuka na kuta zake hukomaa, na baada ya wiki kadhaa huwa tayari kuchomwa. Madaktari huita kiungo hicho fistula, na hakihusiani na ile fistula ya uzazi tunayoisikia redioni.

Vena za mkono wa kushoto wa dada zilikuwa nyembamba mno. Mwaka 2020 alipelekwa nchi jirani, akawekewa bomba la plastiki lenye kipenyo cha milimita sita kuunganisha ateri na vena. Plastiki hiyo ni ya jamii ile ile inayopakwa ndani ya vikaango visivyogandisha chakula. Lakini kikaango hakipitishi damu. Baada ya miezi minane bomba liliziba kwa damu iliyoganda. Ikabidi awekewe mpira shingoni, ambao ni njia ya muda, kwani ni rahisi kupitisha vijidudu hadi kwenye damu.

Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Binadamu alijua kutengeneza bomba la kupitisha damu miaka mingi kabla ya printa hizi. Daktari Mfaransa Alexis Carrel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi iliyojumuisha ufundi wa kushona mishipa ya damu, ufundi ambao alikwenda kuutafuta kwa mwanamke fundi wa kudarizi mjini Lyon. Mwaka 1952 Arthur Voorhees wa New York na wenzake walieleza jinsi walivyotumia mirija ya kitambaa cha nyuzi za Vinyon badala ya ateri za mbwa. Miaka hiyo hiyo Michael DeBakey wa Houston alikwenda dukani kutafuta nailoni, akaambiwa imekwisha, akauziwa kitambaa kipya kiitwacho Dacron. Alishona mabomba yake ya kwanza nyumbani kwa cherehani ya mke wake. Mabomba ya Dacron yameokoa maelfu ya watu. Mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 97, DeBakey mwenyewe alipasuliwa na kuwekewa bomba la namna hiyo, na akaishi hadi mwaka 2008.

Kwa nini basi la dada lilishindwa? Kwa sababu mishipa mipana ina mkondo wenye nguvu, damu hukimbia na haipati nafasi ya kuganda. Kadiri bomba linavyokuwa jembamba, ndivyo damu inavyopata muda wa kuligusa na kulishuku. Yakishuka chini ya milimita sita, mabomba ya kitambaa na plastiki huziba mara nyingi mno. Ndiyo sababu daktari anayetengeneza njia mpya ya damu kwenye moyo bado hupendelea kukata vena ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, au ateri ya kifuani mwake.

Mshipa halisi hauzibi ovyo kwa sababu ndani yake umetandikwa tabaka moja la seli hai. Seli hizo huzuia damu isigande, huuamuru mshipa kupanuka au kubana, na hujirekebisha zikichubuka. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kila pigo mshipa hutanuka na kurudi. Mpira wa baiskeli hauwezi kazi hiyo kwa miaka 60 bila kiraka. Mshipa unaiweza kwa kuwa unaishi.

Turudi kwenye printa. Aliyevumbua uchapaji wa pande tatu ni Mmarekani Charles Hull, aliyepata hataza yake mwaka 1986. Printa ya ofisini hutandaza wino kwenye karatasi mara moja. Hii hutandaza mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, hadi kitu kipate kimo. Aliyewahi kumtazama mfinyanzi akizungusha kamba za udongo moja juu ya nyingine hadi ukatokea mtungi atakuwa ameelewa. Tofauti ni kwamba hapa mikono ni ya kompyuta, na badala ya udongo huwekwa plastiki, chuma, au uteute wenye seli hai ndani yake.

Ugumu wa kuchapa mshipa ni kwamba uteute ni laini kama mlenda. Ukichapa bomba la uteute, linaporomoka kabla hujamaliza. Wanasayansi wamelizunguka tatizo hilo kwa njia kadhaa, na zinapendeza kwa sababu zinafanana na mambo ya jikoni.

Mwaka 2012 Jordan Miller na wenzake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapa vijiti vya sukari iliyoyeyushwa, vikasimama kama uzio. Wakavipaka utando mwembamba, wakamimina juu yake uteute wenye seli, na uliposhika sukari ikayeyuka na kutoka. Pale ilipokuwa sukari pakabaki mifereji mitupu, nao wakaitandika ndani seli za mishipa.

Mwaka 2014 kikundi cha Jennifer Lewis katika Chuo Kikuu cha Harvard kilitumia wino wa kinyume: ukiwa kwenye joto la kawaida unashika, ukipozwa unakuwa maji na kufyonzwa nje. Mwaka 2019 Adam Feinberg na wenzake wa Carnegie Mellon walieleza jinsi ya kuchapa kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi na mishipa yetu, ndani ya beseni la jelatini. Jelatini hulishika umbo lisianguke, kisha likipashwa hadi nyuzi 37, ambalo ni joto la mwili, jelatini huyeyuka na umbo hubaki.

Ile njia ya sukari nimeijaribu na wanafunzi wangu mwaka 2023, bila printa na bila seli, kwa kuvuta nyuzi za sukari ya kuchomwa na kuzimiminia jelatini ya dukani. Mara ya kwanza jelatini ilikuwa ya moto, sukari ikaisha kabla haijashika. Mara ya pili tuliipaka sukari mafuta na kuiacha jelatini ipoe karibu na kushika. Tulipata mfereji mmoja tu uliopitisha maji yenye rangi nyekundu kutoka upande huu hadi ule. Darasa lilipiga makofi. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akauliza: "Sasa Mwalimu, tukiishona hii kwenye mkono wa mtu itakuwaje?" Nikamwambia aivute kidogo kwa vidole. Ilikatika.

Swali lake ndilo nililopaswa kujiuliza mwaka 2021. Tuzo ile ya NASA ilidai nini? Ilidai kipande cha nyama chenye unene wa zaidi ya sentimita moja, kinacholishwa kupitia mishipa yake na kubaki hai maabara kwa siku 30. Hayo ni mafanikio makubwa, kwani bila mishipa kipande kinene hufa katikati. Lakini hakuna mgonjwa aliyeshonewa kipande hicho. Kuweza maabara siku 30 ni jambo moja. Kuweza mkononi mwa mama wa watoto wanne, anayebeba ndoo na kuchomwa sindano mbili nene kila wiki, ni jambo jingine kabisa.

Kati ya hayo mawili kuna safari ndefu. Kwanza mshipa ushonwe kwa uzi bila kuchanika. Kisha usivuje kwa msukumo wa damu, usizibe, usikataliwe na mwili, na usivimbe na kupasuka baada ya miaka. Kila hatua hupimwa kwa wanyama kwanza, halafu kwa watu wachache, halafu kwa wengi. Mwaka 2016 kampuni ya Revotek ya China ilitangaza kwamba imeweka mishipa ya kuchapwa katika miili ya tumbili 30. Ilikuwa hatua, lakini tumbili si kliniki.

Kipo kipimo kizuri cha urefu wa safari hiyo. Kampuni ya Humacyte ya Marekani, iliyoanzishwa na Daktari Laura Niklason, hutengeneza mshipa wenye upana wa milimita sita kwa seli za binadamu. Hawauchapi. Huzipanda seli kwenye kitambaa kinachoyeyuka, wakazikuza kwa wiki kadhaa huku kikisukwasukwa kama kinavyosukwa na moyo, kisha huziosha seli zote na kubakiza protini tu, ili mwili wa yeyote usiukatae. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa nchini Poland mwezi Desemba 2012, naye alikuwa mgonjwa wa figo kama dada. Kibali cha kuuza Marekani kilitoka Desemba 2024, miaka 12 baadaye. Hata hivyo kilitoka kwa watu wazima walioumia ateri za mikono au miguu tu, pale ambapo mshipa wao wenyewe haufai, tena kikiwa na onyo kali kwamba mshipa huo unaweza kupasuka. Wagonjwa wa kusafishwa damu hawakuwamo katika kibali hicho.

Kwa hiyo, ukisikia redioni kwamba "wameweza", uliza maswali matatu. Wameweza wapi: kwenye chupa, kwa mnyama, au kwa mtu? Kwa muda gani: siku, miezi, au miaka? Na nani ameruhusiwa kukipata? Nawafundisha wanafunzi wangu maswali hayo sasa. Laiti ningeyauliza kabla ya kushika simu.

Nisieleweke vibaya. Uchapaji huu si uzushi, na baadhi ya matunda yake yapo tayari. Katika hospitali kubwa za nchi tajiri, picha ya mishipa ya mgonjwa hupelekwa kwenye printa, ikatoka mfano wa plastiki ambao daktari anaushika na kufanyia mazoezi kabla ya kumpasua. Aidha, vipande vidogo vya nyama vilivyochapwa hutumika kupimia dawa maabara. Naamini wanafunzi ninaowafundisha leo watauona mshipa wa kuchapwa ukitumika. Ila imani yangu si ratiba ya matibabu.

Januari 2022 dada alishikwa na homa kali na kutetemeka akiwa bado kwenye mashine. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu kupitia ule mpira wa shingoni. Alilazwa siku 19. Siku ya nne, homa ilipopungua, alinigeukia akasema: "Mwalimu, ile mishipa yenu imefika wapi?"

Nilimweleza yote hayo niliyoyaandika hapa, kwa Kiswahili cha Mishamo, nikichora kwenye bahasha ya picha ya eksirei. Nilimwambia kwamba nilikosea, na kwamba mishipa hiyo haitafika kwa wakati wake, na huenda isifike hapa kwetu hadi mimi nimestaafu. Nilitegemea alie. Aliuliza tu: "Kwa nini hukuniambia hivi tangu mwanzo? Mimi si mtoto. Ningekata shauri mapema."

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Mwezi wa pili alipasuliwa mkono wa kulia. Daktari alipata vena nzuri juu ya kiwiko, akaiunganisha na ateri. Walisubiri zaidi ya wiki saba ikomae, ndipo mpira wa shingoni ukatolewa. Fistula hiyo inafanya kazi mpaka sasa.

Anailinda kama mboni ya jicho. Mkono huo haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, hauvai saa wala bangili ya kubana, na haulaliwi. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso huweka vidole viwili juu yake kusikia ule mtetemo unaoonyesha kwamba damu inapita. Siku ambayo hautasikika, atakwenda hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri zamu yake, kwani damu iliyoganda ikiwahiwa huweza kuondolewa. Wagonjwa wengi hawajui hili, na wauguzi wenye shughuli nyingi hawapati muda wa kulirudia.

Kwa msomaji ambaye figo zake bado nzima, nitaongeza jambo moja. Kisukari na shinikizo la damu ndiyo magonjwa yanayoongoza duniani kwa kuua figo, na huanza kwa kuharibu mishipa midogo, ile ile ambayo printa zote za dunia bado zinahangaika kuiiga. Kupima presha na sukari ni kazi ya dakika chache. Dada yangu hakuwahi kupima presha hadi miguu ilipovimba.

Jumapili iliyopita nilimtembelea. Alinipa mkono wake nisikilize, nikauweka sikioni. Unavuma kama nyuki walio ndani ya mzinga. "Huu umechapwa na nani, Mwalimu?" akaniuliza akicheka. Kisha akaniagiza niandike gazetini, maana pale anaposafishiwa damu wapo wenzake wengine wawili wanaosubiri ya printa.